Hoops Dynasty: Timu Haipandi Daraja, Anapanda Kocha

Aliyekulia kwenye soka la ligi anaingia Hoops Dynasty, mchezo wa mtandaoni wa kufundisha kikapu cha vyuo vya Marekani, na dhana moja itakayomgharimu misimu miwili mitatu asipoiacha mapema: kwamba timu ikishinda sana itapanda daraja. Haipandi. Vyuo vya Marekani havipandi wala havishuki kwa matokeo ya uwanjani, na mchezo huu unafuata utaratibu huohuo. Chuo cha Daraja la Tatu, lile la chini kabisa, kinabaki Daraja la Tatu hata kikibeba ubingwa wa taifa kila mwaka. Anayepanda ni kocha. Msimu ukiisha nafasi za kazi zinafunguliwa, unaomba, chuo kinapima jina lako, kisha kinakukubali au kinakukatalia.

Ngazi hiyo ya kazi ndiyo roho ya mchezo. Mtu anaweza kuvumilia mengine yote, kurasa za takwimu zisizo na picha na usajili unaokula saa zake za usingizi, kwa sababu kuna chuo fulani juu anachokitaka. Tathmini hii basi inaangalia zaidi jinsi ngazi hiyo inavyofanya kazi, inapomsaidia kocha na inapomwangusha.

Kwa ufupi kwa asiyeujua: Hoops Dynasty uko kwenye tovuti ya WhatIfSports, unachezwa kwenye kivinjari cha kawaida, na unalipiwa kwa msimu. Hakuna wachezaji wanaokimbia kwenye skrini. Wewe unapanga mazoezi, usajili na mbinu. Kompyuta inaendesha mechi kwa saa iliyopangwa na kukuletea takwimu pamoja na maelezo ya kila shambulio. Mchezo una dunia 10, kila moja ikiwa na madaraja yote matatu na vyuo vyenye majina ya kweli. Dunia hizo zimepewa majina ya walimu wa kikapu: Allen, Crum, Iba, Knight, Naismith, Phelan, Rupp, Smith, Tark na Wooden. Nyingine zinacheza mechi moja kwa siku, nyingine mbili. Ukichagua ya mechi mbili misimu itakwenda mbio na utafika kwenye maombi ya kazi mapema, lakini siku ukikosa kuingia umepoteza mechi mbili bila mpango.

Jina la Phelan lina funzo lake. Jim Phelan alifundisha chuo cha Mount St. Mary's kwa miaka 49, kuanzia 1954 hadi 2003, akashinda mechi 830. Hakuhamia daraja la juu kwa kuomba kazi. Chuo chake chenyewe ndicho kilichohamia Daraja la Kwanza mwaka 1988. Uhamisho wa namna hiyo hufanywa na uongozi wa chuo kwa uamuzi wa kiutawala, na ndani ya mchezo haupo. Ukitaka kwenda juu lazima ufungashe virago.

Vyuo vinaangalia nini basi? Mchezo hauweki hadharani hesabu kamili, na hilo ni jambo la kulalamikia kwa haki, maana kocha analipia misimu akilenga shabaha asiyoiona vizuri. Ila mambo yanayopimwa yanajulikana. La kwanza ni mafanikio, hasa ya misimu ya karibuni. La pili ni hadhi ya chuo unachofundisha sasa, inayoandikwa kwa herufi kama alama za mtihani. Halafu kuna uzoefu, uaminifu wako kwa waajiri uliopitia, na usafi wa jina lako. Kila chuo kina uzito wake kwa kila kimoja. Chuo kikubwa hakitamtazama mtu aliyefika mbali mara moja kisha akapotea, na chuo kilicholala miaka mingi kinaweza kumchukua mtu ambaye bado hajang'ara. Ukikataliwa, soma jibu kwa makini. Kukosa mafanikio na kukosa uzoefu ni magonjwa mawili tofauti: la kwanza unalitibu uwanjani, la pili linatibiwa na muda tu.

Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kuhesabu ushindi. Kocha anamaliza msimu na ushindi 22, anafungua ukurasa wa kazi kwa furaha, na vyuo vyote alivyovitaka vimemfungia mlango. Mwenzake mwenye ushindi 19 anaitwa. Sababu ni kwamba kazi za juu hazijengwi na mechi za kawaida, zinajengwa na mashindano ya taifa. Timu 64 zinaingia humo, na nyingine 32 zinakwenda kwenye mashindano madogo ya baada ya msimu. Kila raundi unayoshinda kwenye yale makubwa inainua hadhi ya chuo chako na jina lako kwa pamoja. Kuingia na kutolewa raundi ya kwanza ni afadhali kuliko kubaki nyumbani, lakini kufika timu 16 za mwisho misimu miwili mitatu mfululizo ndiko kunakofungua milango ya Daraja la Pili yenye thamani. Mashindano ya timu 32 yanafaa kwa kocha anayejenga, maana yanampa mechi za kuonyesha maendeleo. Kwa anayetafuta kazi kubwa, hayo ni dalili kwamba bado.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza kila msimu ni kuhakikisha unaingia kwenye zile 64, na hapo ndipo ratiba inapoingia. Konferensi, yaani jumuiya ya vyuo vinavyokutana kila msimu, ina timu 12 zilizogawanywa makundi mawili. Mechi zake 16 unapangiwa, huna la kubadilisha. Zile 10 za nje ya konferensi unazipanga mwenyewe, na makocha wengi wanazijaza timu dhaifu zinazoendeshwa na kompyuta ili rekodi ipendeze. Ipige hesabu. Kipimo cha RPI, namba inayopima timu kwa matokeo yake na ugumu wa ratiba yake, kwa msingi wake kinachukua robo moja kutoka kwenye asilimia ya ushindi wako, nusu kutoka kwenye asilimia ya ushindi wa wapinzani wako, na robo iliyobaki kutoka kwa wapinzani wa wapinzani wako. Nusu nzima haiko mikononi mwako, iko kwa uliochagua kucheza nao.

Tuseme wapinzani wa konferensi yako wanashinda nusu ya mechi zao, na wapinzani wa wapinzani pia ni wa nusu kwa nusu. Kocha wa kwanza anachukua timu 10 zenye wastani wa ushindi wa 0.400 na anamaliza 22-4. RPI yake inatoka 0.567. Kocha wa pili anachukua timu 10 zenye wastani wa 0.600, anapoteza mechi tatu zaidi ya mwenzake, anamaliza 19-7. Yake inatoka 0.577. Ameshinda mechi chache na yuko juu. Na zaidi ya namba, vijana wake wameshakutana na timu za aina watakayoikuta kwenye mashindano.

Hii haina maana ujipeleke kwa mabingwa watetezi 10 msimu ambao kikosi chako kina vijana saba wa mwaka wa kwanza. Ratiba inapangwa kwa kutazama kikosi. Timu ina wachezaji 12, na mizani nzuri ni watatu kwa kila mwaka wa masomo, ingawa wachache wanaweza kuishikilia. Ukiwa na wanne au watano wa mwaka wa nne waliokulia kwenye mfumo wako, huo ndio msimu wa kuwapa wapinzani wagumu, maana ndio msimu wako wa kuonekana. Ukiwa na kikosi kichanga, tafuta timu za kati ambazo wewe unaweza kuzifunga na zenyewe huwa zinashinda ndani ya konferensi zao. Timu kama hizo ni dhahabu: bingwa wa konferensi dhaifu anaweza kuwa na asilimia kubwa ya ushindi bila kuwa na ubavu wa kukutisha.

Tazama pia kilele chako kinaangukia wapi. Anayetaka kazi anapaswa kujua tangu usajili wa leo msimu upi, mitatu au minne mbele, ndio utakuwa na wazee wengi uwanjani. Vyuo vinatazama misimu ya karibuni, kwa hiyo kuomba kazi mara baada ya kilele kuna nguvu kuliko kuomba baada ya msimu wa kujenga unaofuata. Walioomba msimu mmoja kwa kuchelewa wanaijua tofauti: kazi ileile iliyokuwa wazi kwao imefungwa, na hakuna kilichobadilika isipokuwa kutolewa mapema kwenye mashindano mara moja.

Uwanjani kwenyewe, ushindi wa Daraja la Tatu unatokana na mambo machache yaleyale. Wepesi wa mwili na ulinzi vinashinda mechi nyingi kuliko mitupo mizuri ya mbali, kwa sababu timu nyingi za chini hazina watu wa kulinda. Senta asiye na ribaundi ni mzigo hata awe na mchezo mzuri chini ya kikapu. Gadi wa kuongoza bila umiliki wa mpira na pasi anageuza kila presi (ulinzi wa kubana) ya mpinzani kuwa pointi rahisi. Alama zinakwenda hadi 100, na kwenye daraja hili humpati mwenye kila kitu, hivyo amua mapema kila nafasi unaidai vitu gani viwili au vitatu, vingine uvisamehe.

Halafu kuna uelewa wa mfumo, unaoandikwa kwa herufi kwa kila mchezaji, upande wa kushambulia na upande wa kulinda. Mifumo ya kushambulia ni minne: mosheni, pembetatu, fleksi na mashambulizi ya kasi. Ya kulinda ni mtu kwa mtu, zoni na presi ya uwanja mzima, na unaweza kuchanganya. Kijana wa mwaka wa kwanza anakuja na herufi za chini na anapanda kidogo kidogo kadiri unavyotenga dakika za mazoezi kwa mfumo huo. Anayebadili mfumo kila msimu anawavunjia wazee wake miaka yao mitatu ya kujifunza. Presi ya uwanja mzima inavutia kwa mipira inayoporwa, lakini inadai watu 10 wenye pumzi na wanaoielewa. Ukiwa na saba tu, hadi dakika ya 30 wote wamechoka na faulo zimejaa.

Mazoezi yana mtego mmoja unaogusa kazi moja kwa moja, nao ni masomo. Dakika za kusoma zinatengwa pamoja na za mazoezi, na mchezaji mwenye wastani wa alama za darasani chini ya 2.0 haruhusiwi kucheza. Kocha anazikata dakika hizo ili kuongeza mazoezi ya mitupo, kila kitu kinaonekana sawa, kisha gadi wake bora anakosa nusu ya pili ya msimu. Wape dakika nyingi zaidi wale wa mwaka wa kwanza na wenye bidii ndogo, halafu uzipunguze wakishakaa sawa.

Sasa mechi yenyewe ya mashindano, maana hapa ndipo kazi inapopatikana au kupotea, na ndipo makocha wanapolegea. Kabla ya raundi ya kwanza fungua takwimu za mechi tano au sita za mwisho za mpinzani, usiishie kwenye wastani wa msimu. Tafuta sehemu ya mitupo yake inayotoka nje ya mstari wa pointi tatu, na nani anaitupa. Mpangilio wa ulinzi unakwenda kutoka -5 hadi +5: hasi unawarudisha walinzi ndani kuziba eneo la kikapu, chanya unawapeleka nje kwenye wapigaji. Timu yenye wapigaji wawili wakali wa mbali na senta dhaifu inastahili +2 au +3. Timu inayomtegemea senta mmoja mwenye nguvu, na magadi wasioweza kupiga kutoka mbali, ipelekee -3. Makocha wengi wanaacha sifuri msimu mzima kisha wanashangaa kufungwa pointi 30 na mtu mmoja.

Ukimaliza hapo angalia uchovu. Kila mchezaji anawekewa kiwango cha uchovu ambacho akikifikia anatoka, au idadi ya dakika unazomlenga. Kwenye mechi ya mtoano usimwache nyota mwenye stamina ndogo acheze hadi achoke kabisa, kwa sababu mchezaji aliyechoka anashuka kila kitu, hata mitupo huru. Mgawanyo wa mashambulizi nao unahesabika. Usimpe mtu mmoja namba kubwa kupita kiasi ukidhani ndiye atakayekubeba: akizidishiwa, ubora wa mitupo yake unapungua, na mlinzi bora wa mpinzani atampa shida usiku kucha. Ukicheza na aliyekuzidi wazi, punguza mwendo wa mchezo. Mashambulizi machache yanampa mnyonge nafasi zaidi ya bahati. Ukiwa wewe ndiye mkubwa na una benchi refu, ongeza mwendo.

Usafi wa jina ni rahisi kuuharibu na mgumu kuurudisha. Kuwaahidi vijana nafasi ya kuanza au dakika kadhaa kunasaidia sana kwenye usajili, na ndiyo maana mtu anajikuta ameahidi nafasi za kuanza kwa watu sita wakati uwanjani wanaanza watano. Ahadi ikivunjwa kijana ananuna, bidii inashuka, anaweza kuondoka, na jina lako linachafuka. Kuwatimua wachezaji ili kupata nafasi za ufadhili kuna doa lake pia. Kuruka kutoka chuo hadi chuo kila msimu ndilo kosa baya zaidi kwa mwenye ndoto za Daraja la Kwanza: kila ruka ni hoja ya chuo kinachofuata kuuliza kwa nini na chenyewe kisiachwe. Misimu minne kwenye kazi moja, ikiwa unashinda, haikucheleweshi. Inakutosha kusajili kizazi kizima chako mwenyewe na kukiona kikihitimu, na usajili wenyewe unakulipa, maana wapo vijana wanaotaka kocha mkongwe wa chuo.

Kufuzu ni kimoja, kukubali ni kingine. Hapa ndipo mchezo unapomuadhibu mwenye pupa.

Tangu usajili ulipobadilishwa mwaka 2016, una vipindi viwili: cha kwanza wakati msimu unaendelea, cha pili baada ya msimu. Dirisha la kazi liko katikati. Ukihama, unafika chuo kipya wakati kipindi cha kwanza kimepita. Waliosajiliwa wamesajiliwa na kocha aliyeondoka, au na kompyuta. Upelelezi wako wa vijana, ule uliougharamia hatua kwa hatua hadi kiwango cha nne, umebaki kule ulikotoka. Vijana wazuri wengi wameshaweka saini. Hili ndilo dosari kubwa kuliko zote za mchezo kwa anayepanda ngazi, kwani linamtoza kocha aliyefanikiwa msimu mmoja karibu mzima kama ada ya kupandishwa cheo. Wanaokaa wanasajili kwa vipindi viwili, wanaopanda kwa kimoja. Ingekuwa haki zaidi kama kocha mpya angepewa angalau sehemu ya upelelezi wa chuo anachokirithi.

Kwa kuwa hali ndiyo hiyo, chagua kazi kwa kikosi kabla ya kuchagua kwa jina. Fungua orodha ya wachezaji wa chuo unachokitaka na uwahesabu wanaobaki baada ya wa mwaka wa nne kuondoka. Chuo kinachobaki na wachezaji wanane wenye nguvu na nafasi nne wazi ni kizuri kuliko chenye jina kubwa na nafasi nane wazi, kwa sababu nane huwezi kuzijaza vizuri katika kipindi cha pili. Zinazobaki zinajazwa na wachezaji wa kujazia tu, wasio na ufadhili, na utaingia msimu na benchi lisilochezeka. Ukikuta hali hiyo na bado unaitaka kazi, usizijaze nafasi zote kwa pupa na vijana wa wastani ambao utakaa nao miaka minne. Sajili wawili watatu wa kweli, nafasi zilizobaki ziache za wachezaji wa kujazia, na msimu unaofuata utakuwa na ufadhili wazi na kipindi cha kwanza kizima mkononi.

Linganisha mifumo pia. Ukiwa mtu wa mosheni na mtu kwa mtu, tafuta chuo kilichokuwa kikicheza hivyo hivyo. Kikosi cha wazee waliosomea pembetatu na zoni kitaanza mfumo wako karibu na sifuri, na msimu wa kwanza utapigwa na timu zenye vipaji vidogo kuliko vyako. Kama kikosi ni kizuri sana lakini mfumo ni tofauti, beba mfumo wao kwa msimu mmoja au miwili, uhamie wako taratibu kupitia waliosajiliwa na wewe.

Ramani isisahaulike, kwa sababu gharama ya kumtembelea kijana nyumbani na kumleta chuoni inapanda kwa umbali. Kazi za Alaska au Hawaii kwenye Daraja la Pili huwa wazi mara nyingi, na mgeni anaziona kama bahati. Jirani hakuna vijana wa kutosha, na kila safari ya bara inakula bajeti. Chuo cha kawaida kilicho Ohio, Pennsylvania au North Carolina, chenye mamia ya shule ndani ya mwendo mfupi wa gari, kina faida ambayo herufi ya hadhi haikuonyeshi. Lakini hesabu na majirani: maeneo hayo yana vyuo vingi, na kocha hodari wa konferensi yako naye anawatazama vijana walewale.

Daraja la Kwanza lina sheria yake. Kule chuo kina hadhi ya asili, kiwango ambacho kinavutwa kukirudia hata ukifanya nini. Chuo kidogo cha konferensi ndogo unaweza kukipandisha kwa kushinda, lakini misimu miwili mibaya inakirudisha kilipotoka, wakati wakubwa wa konferensi kama ACC, Big Ten au SEC wanasamehewa zaidi na uzito wa jina lao. Connecticut, iliyomlea Hasheem Thabeet na kufika nusu fainali ya taifa mwaka 2009, ni kazi ya aina hiyo ya wakubwa, na huwezi kuiruka moja kwa moja kutoka chini. Njia ya kweli ni kuchukua kwanza chuo cha chini cha Daraja la Kwanza, ukipeleke mashindano ya taifa kwa kushinda mashindano ya konferensi yako, ushinde raundi moja au mbili, ndipo uombe konferensi ya kati. Na huko juu kuna hatari ambayo chini haikusumbui sana: matarajio yasipofikiwa, kibarua kinaota nyasi. Wachezaji bora wa vyuo vikubwa pia huondoka kwenda kulipwa kabla ya kuhitimu, na huijui idadi kamili wakati kipindi cha kwanza cha usajili kinaendelea. Kocha anayefika kule akizoea kupanga wachezaji miaka minne mbele anapaswa kujifunza kuacha akiba.

Je, mchezo unastahili pesa? Kwa anayependa kikapu cha vyuo na yuko tayari kukaa na chuo kidogo kwa misimu minne bila kuona haya, ndiyo, bila kusita. Kazi ya juu ikija unajua kila ushindi ulioinunua. Kwa anayetaka kuifundisha Kansas wiki ijayo, asilipie. Atachoka kabla ya kufika hata Daraja la Pili. Anayejaribu aanze na msimu mmoja kwenye dunia ya mechi moja kwa siku, achague chuo cha Daraja la Tatu chenye wachezaji saba au nane wanaobaki, na asiombe kazi yoyote hadi aone kizazi chake cha kwanza kikifika mwaka wa nne.

Kwa walioko Afrika Mashariki kuna la saa. Kila kitu kinakwenda kwa saa za mashariki mwa Marekani. Saa 3 usiku ya New York ni saa 10 alfajiri kwa Nairobi na Dar es Salaam wakati wao wako kwenye saa za kiangazi, na saa 11 alfajiri wakati wa baridi. Wanabadilisha Machi na Novemba, sisi hatubadilishi, na kocha aliyezoea kupanga mbinu akiamka anaweza kukuta mechi imeshachezwa. Weka mpango wa mechi kabla ya kulala. Na ukiwa umeomba kazi, siku majibu yanapotoka ingia asubuhi hiyohiyo, kwa sababu kipindi cha pili cha usajili hakina muda mrefu, na kila mzunguko wa usajili unaopita bila wewe kumtuma mtu kwa kijana ni mzunguko ambao jirani yako ameutumia.